Fundi Taratibu Atafuta Shule ya Kutulia

"Shule ya kukaa!" alifoka Mama Pacha, ufagio mkononi. "Kukaa nako kunasomewa? Basi kuku wangu anayeatamia ana digrii tatu, na paka wa jirani ni profesa!"

"Si kukaa tu, mke wangu. Ni kutafakari. Kutuliza akili."

"Na hii ndiyo imetulia?" Alikiokota kipande kimoja cha kioo sakafuni, kirefu, chenye ncha kama ulimi wa mzushi, akakiinua usoni kwa mumewe. "Hebu kiulize hiki kama kimetulia. Nimekiacha kioo kizima cha dirisha, nimetoka kuanika nguo tu, narudi nakuta njugu!"

Mumewe alikuwa amesimama kando ya meza yake ya kazi, mkono wa kulia ameuficha kwapani kama mtu aliyeiba yai, macho ameyatuma darini yakamtafutie la kusema. Hayakurudi na kitu.

Alikuwa fundi wa kukata vioo, na mtaa mzima ulimwita Taratibu, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Watu husema siku ya harusi yake alichelewa mpaka maua aliyoyashika bibi harusi yakazaa matunda. Watu nao huongeza chumvi; matunda hayakuwa yameiva.

Lakini katika kazi ya vioo, utaratibu ndio mtaji. Kioo hakikatwi kama mkate. Unakilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, unaichovya almasi ya kukatia kwenye mafuta ya taa, unaivuta kutoka mbali kuja kwako, mara moja tu, bila kusita. Ukiisikia inalia kama hariri inayochanwa, ujue mambo ni mazuri. Kisha unakisogeza mpaka ukingo wa meza, unakibonyeza kidogo, nacho kinaachana chenyewe kwa adabu, kama ndugu waliogawana urithi bila ugomvi. Ukisita katikati, umekwisha. Ukirudia mstari, umekwisha zaidi. Kioo hakipendi kuambiwa jambo mara mbili, na kwa hilo kilifanana na Mama Pacha.

Naye Mama Pacha ndiye aliyekuwa mshika upande wa pili. Kioo kikubwa hakikatwi na mtu mmoja. Tangu walipooana, mabinti zao mapacha wakiwa hawajaota hata kwenye mawazo, mpaka mapacha hao wakakua, wakaolewa, wakaenda zao, upande wa pili wa kioo alikuwapo yeye, viganja viwili vimetulia ukingoni, mdomo unaendelea na habari za mtaa. Nani kagombana na nani, nani kanunua kochi lisiloingia mlangoni. Taratibu alikata vioo kwa kufuata sauti ile, kama mpiga ngoma anavyomfuata mwimbaji.

Sasa siku moja walikuwa wanakata kioo cha mbele ya duka la viatu, kipana kuliko vyote walivyowahi kuvilaza pale mezani. Kioo kile kilikuwa na ila ndani yake, ila ambayo jicho la mtu lisingeiona hata likitolewa likafutwa likarudishwa. Almasi ilipofika katikati, ufa ukachepuka ukaenda zake, kioo kikalia paa! Kijipande kikaruka kikamchana Mama Pacha juu kidogo ya jicho, kwenye nyusi. Jeraha lenyewe halikuzidi punje ya mchele. Alilisafisha mwenyewe, akabandika plasta, akauliza kama kuna kipande kilichosalia cha kufaa fremu ya picha. Nyusi ikapona, ikabaki na mwanya, naye akawa anautangaza kama urembo. "Wenzangu wana mwanya wa meno," alisema, "mimi wa kwangu nimeupandisha ghorofani."

Nyusi ikapona, mkono wa Taratibu ukaugua. Kila alipoishika almasi, kabla haijagusa kitu, alikuwa ameshakisikia kioo kikipasuka. Paa! Kichwani humo humo. Mkono unaanza kutetemeka, kijasho chembamba kinamtoka, almasi anairudisha kwenye kikopo chake kama aliyeokota kitu kisicho chake. Kwanza akakataa vioo vikubwa, kisha vya wastani, mwishowe hata kioo cha kujitazamia cha ukubwa wa kiganja kikamshinda.

Mama Pacha akawa na kazi ya kuwageuza wateja. Hakutaka kusema mume wake ameshindwa, kwa hiyo alisema ameitwa. Mteja wa kwanza akaambiwa fundi ameitwa kuweka vioo kwenye mnara wa taa. Wa pili akaambiwa fundi yuko kwenye meli yenye madirisha mengi kuliko abiria. Wa tatu, mama mmoja aliyetaka kioo cha kabati, akaambiwa fundi anampimia nyangumi miwani.

"Nyangumi naye haoni?" aliuliza yule mama.

"Karibu haoni. Mbali anaona vizuri tu."

"Ndivyo yalivyo hata macho ya mume wangu," yule mama akasema, akaondoka ameridhika.

Na wakati wote huo Taratibu yuko nyuma ya pazia, chumba cha ndani, anasikiliza anavyokuzwa, machozi yanamlengalenga. Maana mwanamke anayeweza kukutungia nyangumi ili usivunjiwe heshima, huyo hauzwi dukani.

Akaenda kwa daktari. Daktari akaupima mkono mpaka kucha, akasema, "Mzee, mkono ni mzima. Ni akili inayokimbia mbele ya mkono. Tafuta mahali ukajifunze kuituliza. Shule za kutafakari siku hizi zipo. Zunguka uchague moja."

Neno shule lilimtia baridi. Shule ya utotoni Taratibu aliiaga kwa kupitia dirishani, na labda ndiyo maana akayapenda madirisha. Lakini kulikuwa na jambo lililomsukuma. Kaka wa mkewe, muuza milango ya chuma, mtu mwenye tumbo refu na maneno mafupi, alikuwa amekuja akatazama meza iliyokaa bure, akasema, "Shemeji, chuma hakivunjiki. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Mkono usiporudi, meza itoke, hapa mbele nipange milango yangu, nawe nikuwekee kiti uilinde." Alisema kwa upendo, na hilo ndilo lililouma. Taratibu akajiona amekaa kwenye kile kiti, analinda milango isiyohitaji kulindwa, maana mlango wa chuma nani ataukimbia nao? Akaona heri arudi shule.

Shule ya kwanza ilikuwa juu kabisa ya jengo refu, huko lifti inakopanda mpaka masikio yanaziba. Binti wa mapokezi alimkaribisha kwa mnong'ono, Taratibu akadhani ndani kuna msiba, akavua kofia. Wakampeleka kwenye chumba ambacho kuta zake tatu zilikuwa kioo kitupu, kutoka sakafuni mpaka darini. Mungu amrehemu aliyewaza kumleta mgonjwa wa vioo mahali pale! Mwalimu, kijana wa miguu mitupu na sauti ya asali, akawaambia wafumbe macho, kila mtu ajione yeye ni ziwa. Taratibu akawa ziwa. Ziwa likatulia, likatulia likapitiliza, likawa kioo, na lilipokuwa kioo, akatokea mtu ukingoni akasema, "Fundi, hebu nikatie hapa." Paa! Taratibu alitokwa na jasho mpaka mto aliokalia ukahitaji kuanikwa. Hata hivyo aliwashukuru. Yule binti alimpa maji kwenye bilauri safi, akamnong'oneza, "Pole, baba," na pole ile alitembea nayo mpaka nyumbani.

Shule ya pili ilikuwa ya pumzi. Mwalimu wake alikuwa na kifua kama kabati la milango miwili. Alivuta hewa, mapazia yakamfuata. Wanafunzi nao wakavuta, wakazuia, wakaachia kwa kelele moja, haaa! na hapo meno ya bandia ya mzee mmoja yakachomoka, yakamng'ata aliyekaa mbele. Hakuna aliyecheka, maana wote walikuwa bado wanatafuta hewa. Taratibu alitoka pale damu inamchemka, akarudi nyumbani kama jogoo wa alfajiri, akamkuta mkewe yuko nje anaanika nguo. Akaishika almasi kwa kishindo, akapiga haaa! kama alivyofundishwa, akavuta mstari.

Mstari ulikwenda kama njia ya mlevi. Ndiyo hayo mabaki yaliyokuwa yanafagiwa.

"Basi," akasema Mama Pacha, akayamwaga kwenye ndoo kwa kishindo. "Shule mbili zatosha. Ya kwanza imekurudisha umelowa, ya pili imekurudisha unapiga kelele. Ya tatu itakurudisha huna suruali."

"Imebaki moja tu. Yule dereva wa lori aliyekuja kutaka kioo cha pembeni ndiye aliyenielekeza. Anasema yeye alikuwa akitukana barabara nzima, sasa anatukana nusu."

"Nusu!"

"Ni maendeleo hayo, Mama Pacha."

Mama Pacha akataka kukasirika, kicheko kikamtangulia. Akaweka ufagio, akajifuta mikono. "Hiyo tutakwenda wote. Nataka nimwone kwa macho yangu huyo mtu anayefundisha watu wazima kukaa."

Wakaenda. Shule ya tatu haikuwa na lifti wala kibao. Ilikuwa chumba kimoja juu ya karakana ya kuziba matairi, unapanda ngazi za mbao zinazolalamika kila hatua. Ndani kulikuwa na viti vya mbao vya kila kabila, kimoja kina mgongo, kingine hakina, na dirisha moja linalotazama barabara. Mwalimu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi, viganja vipana, miguuni amevaa ndara za kufumwa kwa uzi. Wanafunzi walikuwa yule dereva na mwalimu mmoja wa watoto wadogo, ambaye uso wake ulionyesha anatoka wapi.

"Karibuni, karibuni. Kaeni popote, ila kile cha kona kinabana," akasema Mkunga.

"Mama, shikamoo," akasema Taratibu. "Mimi ni fundi vioo. Mkono wangu umeniasi." Akamweleza yote, la duka la viatu, la nyusi, la sauti inayopasuka kabla ya kupasuka. Mama Pacha alisogeza kitambaa cha kichwani kuonyesha ushahidi. Kisha Taratibu akauliza lililokuwa likimkera: "Itachukua muda gani, mama?"

"Mwanangu, mimi nimezalisha maisha yangu yote. Anayeuliza saa ni baba aliye nje kwenye benchi. Mtoto haulizi."

Mama Pacha akampiga mumewe kofi la furaha pajani. Alikuwa amempenda yule mwanamke papo hapo.

Mafundisho yenyewe yalikuwa machache, ungeweza kuyafunga kwenye pembe ya kanga. Kaa. Sikiliza pumzi inavyoingia na kutoka. Akili ikiondoka, irudishe. "Lakini msiipige," akasema Mkunga. "Mtoto akipotea sokoni, ukimpata humwanzii na kofi. Unamshika mkono mnarudi. Akipotea tena, mnarudi tena."

"Na maneno je?" akauliza Mama Pacha. "Mimi maneno yananijia mengi."

"Wewe ruhusa ya kusema unayo. Ila neno likija, lisubirishe kwanza mlangoni, ulitazame sura, ndipo ulifungulie."

Wakafumba macho. Kukawa kimya. Mama Pacha alijaza maneno mashavuni kama aliyebeba maji ya kunywa kutoka mtoni bila ndoo. Ndipo lori la kwanza likapita barabarani, na dirisha likasema: trrrrr.

Taratibu akafumbua jicho moja. Aliona mara moja. Kioo cha chini upande wa kushoto, puti yake, ile lami nyeupe inayokishikilia kwenye fremu, ilikuwa imekauka ikadondoka, kioo kimebaki kinacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akafumba. Basi likapita. Trrrrr. Akafumba zaidi. Pikipiki. Trrr. Hapo hakuwa anasikiliza pumzi tena, pumzi gani? Alikuwa anasubiri. Kila gari lilipokuja kutoka mbali alilipokea kwa mwili mzima, meno yameumana, akingoja kile kioo kidondoke.

Sasa, kuna watu wanaoweza kuacha chungu kikiungua na wakaendelea na sala. Fundi vioo si mmoja wao. Taratibu akainuka kwa vidole vya miguu, akavuka chumba kama mwizi wa kuku, akachomoa kipande cha boksi mfukoni, kwa maana fundi vioo hakosi kipande cha boksi, akakikunja, akakichomeka kwenye upenyo. Lori kubwa kuliko yote likapita. Kimya. Dirisha halikusema hata neno. Akarudi kitini amejawa na sifa zake mwenyewe, akafumba macho, akajisemea: haya, sasa nitatafakari.

"Fundi," akasema Mkunga bila kufumbua macho. "Nirudishie kelele yangu."

Taratibu akadhani hakusikia vizuri. "Mama?"

"Ile ya dirishani. Umeichomekea kitu. Kichomoe."

"Lakini mama, kioo kile kimelegea, kinaweza—"

"Kimedondoka?"

"Hapana."

"Basi kichomoe, ukae."

Mama Pacha hapo neno lilikuwa limefika mlangoni na kuuvunja. Alicheka mpaka kiti kikapiga magoti, dereva akafuata, na mwalimu wa watoto, aliyeonekana hajacheka tangu muhula uanze, akashika mbavu. Mkunga naye alicheka, mabega yakipanda na kushuka. Taratibu akaenda dirishani masikio yamewaka moto, akachomoa kile kipande cha boksi, akarudi.

Wakatulia tena. Lori likaja kutoka mbali. Taratibu akakaza meno, akaisikia ile paa! yake kichwani, waziwazi, vipande vikimwagika sakafuni. Lori likapita. Trrrrr.

"Kimevunjika?" Mkunga akauliza polepole.

"Bado."

"Sikuulizi la baadaye."

Taratibu akafikiri. "Hakijavunjika."

"Haya. Rudi kwenye pumzi."

Likaja lingine. Akasikia paa! Lori likapita, trrrrr, kioo kiko pale pale, kimelegea na kizima. Akarudi kwenye pumzi. Likaja lingine. Mara zote hizo alivunjikiwa na kioo kichwani, na mara zote hizo dirishani hakuna kilichotokea isipokuwa trrrrr. Mahali fulani katikati ya magari, Taratibu alitambua kitu kilichomfanya akae wima: zilikuwa sauti mbili. Moja ya dirisha, moja ya kwake. Na ile ya dirisha ilikuwa ndogo tu, sauti ya kitu kinachopita, haina ubaya na mtu.

Hakumwambia yeyote. Lakini machozi yalimtoka, naye akayaacha, kama alivyokuwa ameiacha ile kelele.

Walipokuwa wanashuka ngazi, Mama Pacha alikuwa na madeni ya maneno ya kulipa, akayalipa yote kabla hawajafika chini. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni hii?"

"Ni hii."

"Yenye viti vya kubana na harufu ya matairi? Kule ghorofani ulipewa maji kwenye bilauri."

"Kule walitaka pawe kimya kwanza, ndipo mimi nitulie. Kule kwa pili walipiga kelele kuishinda ya kwangu. Huyu mama ameniacha na kelele yangu, akakaa nami." Akatembea kidogo. "Na wewe umecheka mle ndani, hakuna aliyekutoa nje. Shule isiyokutaka wewe, mimi nitasoma nini humo?"

Mama Pacha akalisubirisha neno mlangoni, akalitazama sura, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakulifungulia. Alimshika tu mkono, ule wa kulia, ambao ulikuwa unatetemeka, wakavuka barabara.

Basi Taratibu akawa mwanafunzi. Alipanda zile ngazi kila zilipomwita, na nyumbani, kabla ya kufungua mlango wa mbele asubuhi, alikaa kwenye kigoda kando ya meza, macho amefumba. Mama Pacha alikaa naye, eti anamsindikiza, ingawa siku nyingine msindikizaji alikoroma. Wateja waliendelea kuambiwa habari za nyangumi. Mnyama yule alikuwa sasa amepata miwani, lakini haikumkaa vizuri puani.

Mwezi ukawa unaelekea ukingoni. Asubuhi moja Taratibu alifumbua macho, akainuka, akalaza mezani kioo kidogo, akaichovya almasi kwenye mafuta ya taa, akavuta. Sss, kama hariri. Kikaachana. Akakata kingine. Mkono bado ulikuwa unatetemeka, usidanganywe, lakini sasa ulitetemeka peke yake. Yeye hakutetemeka nao. Akasogea kwenye kabati la mbao vinakosimamishwa vioo, akakigusa kile kirefu cha mwisho kabisa, kilichokuwa kikingojea tangu yale ya duka la viatu.

"Hicho ni cha watu wawili," akasema Mama Pacha, ambaye alikuwa haonekani kusinzia tena.

"Nitajaribu peke yangu. Wewe kasimame nje kidogo."

"Nje wapi?"

"Nje tu, mke wangu. Mlangoni. Nikimaliza nitakuita."

"Nimeolewa nje mimi?" Alikuwa ameshashika ukingo wa kioo. "Shika huko."

"Mama Pacha, nakuomba. Ikitokea tena—"

"Imetokea?"

Taratibu akamtazama. Alikuwa amesimama mahali pake pa siku zote, mwanya wa nyusi ukimulikwa na mwanga wa mlangoni, na hakuwa anacheka. Alikuwa anaogopa, na Taratibu akaona kwamba anaogopa, na kwamba viganja vyake havijaondoka ukingoni.

"Haijatokea," akasema.

"Basi shika huko."

Wakakibeba, wakakilaza juu ya blanketi. Taratibu akapima, akachovya, akanyoosha mkono mbali kadiri ulivyofika. Ikaja: paa! Akaisikia yote mpaka mwisho, akaiacha ipite, akarudi. Pumzi ikaingia. Upande wa pili kulikuwa kimya, kimya ambacho hakijawahi kutokea kwenye meza ile.

"Sema kitu," akasema Taratibu.

"Niseme nini?"

"Chochote. Siwezi kukata bila habari."

"Ah!" Mama Pacha akavuta hewa. "Basi hujasikia lile kochi la jirani? Limekataa kuingia mlangoni, wakatoa mlango. Mlango ukatoka na ukuta. Sasa kochi limeingia, nyumba ndiyo imetoka..."

Na almasi ikaanza kulia kama hariri, ndefu, moja kwa moja, ikipita chini ya maneno yale, kutoka kwake mpaka kwa mumewe, bila kusita. Wakakisogeza ukingoni. Taratibu akabonyeza. Kioo kikaachana kwa adabu, vipande viwili, safi, vimelala juu ya blanketi kama kurasa mbili za kitabu kipya.

Kisha Mama Pacha akachukua simu, akampigia kaka yake. "Kaka? Shikamoo. Ile milango yako ya chuma, ipange kwako. Na kile kiti kikalie mwenyewe, una mwili wa kukienea." Akakata kabla hajajibiwa, akajifuta uso kwa kitambaa, uso wote, macho yakiwemo.

"Asante," akasema Taratibu.

"Ya nini? Kwa kushika kioo? Nimeanza leo?"

"Kwa kukataa kutoka nje." Aliiweka almasi chini taratibu, akauweka mkono wake juu ya blanketi, karibu na wa mkewe. "Daktari alinielekeza, dereva akanielekeza, yule mama akanifundisha, wote Mungu awape maisha marefu. Lakini ningekata nini, kwa nani, kama upande ule hakuna mtu? Asante, mke wangu. Nilitaka uisikie kwa masikio yako."

Mama Pacha akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Baba Pacha," akasema kwa sauti ndogo, ambayo hata mumewe alikuwa hajui kwamba anayo, "mimi nami, siku zote hizi, kuna jambo nimekuwa nikitaka kukwambia. Unajua, kila nilipo—"

"Hodi hapa!"

Mlango ukasukumwa kwa bega. Akaingia mwanamke aliyekumbatia fremu tupu ya dirisha, kubwa kuliko yeye, uso umetokeza katikati yake kama picha.

"Samahanini," akasema, akihema. "Hapa ndipo wanapokata vioo?"